Dada yangu, mfuko wa mtama na mashine ya uwanja wa ndege

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapisha barua ya msomaji mwenzetu aliyewaonya akina mama wajawazito wasikubali kupita kwenye mashine zinazokagua mwili katika viwanja vya ndege. Alisema ni eksirei, na kwamba eksirei hizo huharibu mimba na kuleta saratani. Barua ile imepigwa picha na sasa inazunguka kwenye simu za watu. Mimi nimetumiwa mara nne. Mara ya nne ilitoka kwa mkwe wangu, mke wa kijana wangu wa pili, ambaye ana mimba ya miezi mitano na tiketi ya kumfuata mumewe Canada. Aliniandikia maneno mawili tu: "Mama, nisiende?"

Nimepiga eksirei kwa miaka 31 katika hospitali ya mkoa hapa Tanga, hadi nilipostaafu. Nilianzia kwenye chumba cha giza, enzi za kuchovya filamu kwenye dawa na kuzianika kama samaki, nikamalizia kwenye kompyuta. Miaka yote hiyo nilibeba kifuani beji ndogo ya kupimia mionzi, iliyokuwa ikipelekwa Arusha kwa Tume ya Nguvu za Atomiki kusomwa, ili ijulikane mwili wangu umepokea kiasi gani. Mionzi naiheshimu. Nimewafukuza wanaume wazima chumbani kwangu kwa sababu walitaka kubaki wamshike mgonjwa bila kuvaa aproni yenye madini ya risasi ya kuzuia mionzi. Kwa hiyo ninaposema mkwe wangu asafiri, sisemi kwa kupuuza.

Mashine za viwanjani si za aina moja, na hapo ndipo msomaji mwenzetu alipochanganya. Ile ambayo abiria wengi wanakutana nayo leo ni kama kibanda cha kioo. Unasimama juu ya alama za nyayo, unainua mikono, nguzo mbili zinazunguka, sekunde chache umemaliza. Hiyo haina eksirei kabisa. Hutumia mawimbi ya jamii moja na yale ya redio na simu, yanayoitwa mawimbi ya milimita. Nguo kavu huyapitisha, lakini ngozi ina maji, kwa hiyo mawimbi yakifika kwenye ngozi hurudi. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama mionzi ya eksirei, wala hayafiki ndani. Mtoto aliye tumboni yuko mbali nayo, nyuma ya ngozi, mafuta, misuli na maji ya uzazi.

Ilikuwapo pia aina ya pili, na hiyo kweli ilitumia eksirei. Ilikuwa dhaifu sana, haikupenya mwili kama tunavyopenyeza sisi hospitalini tukitafuta kifua kikuu. Iligonga mwili na kurudi nyuma, na picha ikatengenezwa kwa ile iliyorudi. Marekani waliziweka nyingi baada ya Krismasi ya mwaka 2009, nitaeleza kwa nini. Kiwango walichokiweka kuwa mwisho ni mikrosieverti 0.25 kwa kila anayepita. Wasomaji hawana sababu ya kukijua kipimo hicho, basi nitakilinganisha na maisha. Ardhi tunayokanyaga, hewa tunayovuta na anga iliyo juu yetu humpa binadamu wa kawaida duniani milisieverti 2.4 kwa mwaka, yaani mikrosieverti 2,400. Ukigawanya kwa saa za mwaka mzima, ile 0.25 ni sawa na kukaa barazani kwako saa moja. Na ndege yenyewe, kwa kuwa inaruka juu ambako hewa ya kutukinga ni nyepesi, humpa abiria wa London kwenda New York zaidi ya mikrosieverti 30 kwa safari moja. Anayeogopa mashine ile angepaswa kuiogopa ndege mara mia.

Hata hivyo Umoja wa Ulaya ulipotunga kanuni zake mwishoni mwa mwaka 2011 uliamua kwamba zitumike mashine zisizo na eksirei tu. Naukubali uamuzi ule. Kanuni tuliyofundishwa darasani ni kwamba hata mionzi kidogo haipewi mtu bila sababu, na pakiwa na njia nyingine inayofanya kazi ileile, ifuatwe hiyo. Marekani nao wameziondoa za eksirei viwanjani tangu mwaka 2013.

Ya tatu naitaja kwa haraka kwa sababu iko nje ya mstari wa abiria wa kawaida. Kuna mashine za eksirei zinazopenya mwili mzima, zinazotumika magerezani, migodini, na pengine viwanjani anaposhukiwa mtu kumeza dawa za kulevya. Afrika Kusini kampuni ya De Beers ilikuwa na mashine ya namna hiyo ya kuwakagua wachimbaji wasitoke na almasi, na kutokana nayo ikazaliwa Lodox, ambayo leo hospitali huitumia kumpiga picha majeruhi kuanzia utosini hadi unyayoni kwa sekunde kumi na tatu tu. Hii kweli ni eksirei, na mjamzito akipelekwa kwenye mashine ya aina hii aseme wazi kwamba ana mimba.

Hayo ndiyo niliyomjibu mkwe wangu. Lakini Mhariri, mionzi isingenifanya nikae chini kuandika barua yote hii. Nimeandika kwa ajili ya dada yangu.

Dada yangu mkubwa aliondolewa titi la kushoto miaka sita iliyopita. Titi bandia la silikoni bei yake hatukuiweza. Alijishonea mwenyewe: mfuko wa amerikani wa saizi ya kiganja, ndani amejaza mtama uliopepetwa ukapepetwa tena, uzito ameupima kwa mkono mpaka ukalingana na wa upande wa pili. Anao miwili, mmoja wa kuvaa na mmoja wa kufua. Nyumbani kwao hakuna ajuaye isipokuwa mimi na binti yake. Hata wakwe zake hawajui. Ndivyo alivyotaka, na ni haki yake.

Oktoba mwaka jana tulisafiri naye kwenda Sweden kwa huyo binti yake, aliyekuwa amejifungua. Tulibadilisha ndege katika uwanja mmoja mkubwa wa Ulaya, sitautaja jina kwa sababu sitaki barua hii isomwe kuwa ni ugomvi na uwanja mmoja. Pale abiria wa kutoka nje hukaguliwa upya. Tulitenganishwa kwenye foleni. Yeye akaitwa mstari wa kushoto, mimi nikabaki kwenye begi langu kwa sababu nilisahau chupa ya maji ya zamzam.

Nilipoinua macho nilimwona ametoka kwenye kibanda, amesimama pembeni. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na mchoro wa mtu asiye na sura, na juu ya kifua chake upande wa kushoto kisanduku cha manjano. Afisa, msichana mdogo aliyevaa glavu, akaweka kiganja pale. Akabonyeza. Bila shaka mtama ulisogea ndani ya mfuko kama unavyosogea, kwa sababu alirudisha mkono haraka akamwita mwenzake. Wakazungumza. Kisha akamwonyesha dada kwa ishara: toa. Dada yangu hajui Kiingereza wala lugha ya pale. Alichojua ni kwamba mkono unaonyesha kifua chake na watu wamesimama wanatazama, na miongoni mwao ni vijana wawili tuliopanda nao ndege moja kutoka Dar es Salaam.

Akaanza kufungua vifungo vya gauni lake.

Ana miaka sabini na moja. Ni mtu ambaye mimi, mdogo wake wa damu, sijapata kumwona bila mtandio. Alifungua kifungo cha kwanza na cha pili kwa utiifu uleule anaotii daktari, machozi yanamtiririka, hakutoa hata sauti. Nikaacha begi, nikaacha viatu, nikapita pale nisipotakiwa kupita. Nikasema kwa Kiingereza changu cha hospitali kwamba huyu ni mgonjwa aliyepasuliwa titi, kwamba naomba chumba cha faragha na afisa mwanamke, na kwamba mimi niwepo. Nilidhani watanikamata.

Hawakunikamata. Alikuja mwanamke mtu mzima, mwenye mvi, akatupeleka kwenye chumba kidogo, akavuta pazia. Akamwomba dada, kupitia kwangu, autoe mwenyewe kwa wakati wake. Akaupokea ule mfuko kwa mikono miwili. Akaupangusa kwa kipande cha kitambaa, akakitia kitambaa kile kwenye mashine yao ndogo inayonusa baruti. Taa ikawaka kijani. Akamrudishia dada mfuko wake kwa mikono miwili vilevile. Yote hayo hayakufika dakika nne. Alituambia kwamba abiria yeyote anaweza kuomba chumba hicho, siku yoyote, na kwamba tungeomba tangu mwanzo tungepewa tangu mwanzo.

Maneno hayo yalinikaa. Tungeomba tangu mwanzo. Lakini nani alimwambia dada yangu kwamba aombe?

Kanuni zile za Ulaya nilizozitaja hapo juu zinataka abiria aelezwe kabla ya kupita: mashine ni ya namna gani, inatumika kwa masharti gani, na kwamba anayo ruhusa ya kuikataa akakaguliwa kwa njia nyingine. Marekani abiria wengi wanaweza kukataa mashine wakakaguliwa kwa mkono, na anayetaka ukaguzi huo ufanyike faragha hupelekwa faragha. Uingereza mwanzoni walisema asiyepita kwenye mashine hapandi ndege, na Machi 2010 wanawake wawili waliokuwa wakienda Islamabad walizuiwa kusafiri kutoka Manchester kwa sababu walikataa, mmoja kwa ajili ya dini na mwingine kwa ajili ya afya. Mwaka 2013 wakalegeza, nao wakaruhusu ukaguzi wa faragha badala yake. Haki zipo basi, zimeandikwa. Zimeandikwa kwa lugha ambazo dada yangu hazijui, kwenye bango lililo nyuma ya watu mia mbili wanaovua mikanda.

Nisije nikaeleweka kwamba napinga ukaguzi. Siupingi. Sisi tunaoikumbuka Agosti 7, 1998, balozi za Marekani zilipolipuliwa Nairobi na Dar es Salaam asubuhi moja, hatuhitaji kuelezwa baruti hufanya nini. Na mashine hizi zina asili yake. Siku ya Krismasi mwaka 2009 kijana wa Nigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alipanda ndege Lagos, akabadilisha Amsterdam kwenda Detroit, akiwa ameshonewa baruti ya unga iitwayo PETN ndani ya chupi yake. Lango la kugundua chuma haligundui unga. Abiria waliponea kwa sababu ile baruti iliwaka moto badala ya kulipuka, na abiria wenzake wakamkamata. Baada ya hapo mataifa yakakimbilia mashine zinazoona chochote kilichofichwa juu ya ngozi, kiwe chuma, unga au plastiki. Ni sababu ya haki. Naongeza tu kwamba mashine haimalizi kazi. Februari 2016 ndege ya shirika la Daallo iliyotoka Mogadishu kwenda Djibouti ilitobolewa ubavu na bomu lililofichwa kwenye kompyuta ya mkononi, na kamera za uwanja zilionyesha kompyuta hiyo ikikabidhiwa na watu waliokuwa wafanyakazi wa palepale.

Turudi kwenye stara, maana hilo ndilo lililomliza dada yangu. Zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mashine za mwanzo zilitoa picha ya mwili wenyewe, maungo yote yakionekana, na afisa aliyekaa chumba kingine akiitazama. Wenye mashine hizo walituapia kwamba picha hazihifadhiwi. Mwaka 2010 ikajulikana kwamba katika mahakama moja mjini Orlando, Florida, walinzi walikuwa wamehifadhi picha zaidi ya 35,000 za watu waliopita mlangoni. Nilisoma habari ile nikiwa bado kazini, na nilishtuka kama mtu wa fani. Katika miaka yangu yote picha ya mgonjwa ilitoka chumbani kwenda kwa daktari na si kwa mtu mwingine. Februari mwaka huohuo Baraza la Fiqhi la Amerika Kaskazini lilitamka kwamba kupita kwenye mashine zile ni kinyume cha stara ya Kiislamu, na Papa Benedikto wa XVI naye aliwakumbusha watu wa usafiri wa anga kwamba utu wa mtu ulindwe. Sauti hizo zilisaidia. Bunge la Marekani likaagiza kwa sheria ya mwaka 2012 kwamba mashine zisionyeshe tena mwili bali mchoro mmoja unaofanana kwa watu wote. Zile za eksirei ziliondolewa kwa sababu waliozitengeneza walishindwa kuufikia mchoro huo kwa wakati. Mtu asidhani, kwa hiyo, kwamba malalamiko ya raia hayafiki popote.

Mchoro umeleta stara, ila umeleta shida yake. Kompyuta ndiyo inayoamua sasa nini si cha kawaida mwilini, na inaamua kwa kulinganisha na miili na mavazi iliyofundishwa. Wajerumani waliijaribu mashine hiyo Hamburg kuanzia Septemba 2010, wakapitisha abiria wapatao laki nane, kisha Agosti 2011 waziri wao wa mambo ya ndani akasema bado, kwa sababu kengele za bure zilizidi. Mikunjo ya nguo ilitosha kuiamsha. Jasho pia. Sasa fikiria mama wa Kitanga ndani ya dera lenye mikunjo, mtandio, na amekimbia kutoka lango hadi lango. Mwaka 2019 waandishi wa shirika la habari la ProPublica huko Marekani walieleza jinsi wanawake weusi wanavyosimamishwa mara kwa mara kwa sababu ya nywele zao, zilizosukwa au zilizoachwa zikasimama. Binti ya dada yangu anasema kila akisafiri hupapaswa kichwani, na amekwisha kuzoea. Sipendi neno hilo, kuzoea.

Ninachoomba ni kidogo na hakina gharama ya mitambo. Viwanja vyetu vya Tanzania, Kenya na Uganda vinapanuka, na mashine hizi zitazidi kuja. Siku mashine hizo zinapofungwa, bango liwe la Kiswahili na liwe mwanzoni mwa foleni, si mwishoni, liseme mashine ni ya aina gani na kwamba chumba cha faragha kipo. Zikijaribiwa, wajaribiwe mama zetu katika mavazi yao. Mawakala wanaokata tiketi, ambao hutukumbusha uzito wa begi mara tatu, watukumbushe na hili. Na wenzangu wa kliniki za saratani, tangu Ocean Road hadi hospitali za mikoa, kila mama anayeondolewa titi apewe kadi pamoja na karatasi zake za kuruhusiwa kutoka wodini. Marekani kadi ya namna hiyo ipo kwa wasafiri wenye maradhi au ulemavu. Kadi haimkingi mtu na ukaguzi, na haikusudiwi hivyo. Humpa tu njia ya kujieleza bila kusema kwa sauti mbele ya watu.

Afisa yule kijana sina kinyongo naye. Alihisi kitu asichokijua kifuani mwa mtu asiyemwelewa, akaita mwenzake kama alivyofundishwa. Laiti angekuwa na sentensi moja ya Kiswahili iliyoandikwa kwenye karatasi, au dada angekuwa na moja ya Kiingereza, vifungo vile visingefunguliwa.

Dada anasafiri tena Desemba, safari hii peke yake, kwa sababu magoti yangu yamekataa. Nimemtengenezea kadi yake mwenyewe kwenye jalada la daftari, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza, na binti yake ameongeza Kiswidi. Nakuandikia hapa upande wa Kiswahili, Mhariri, uuchapishe ili yeyote aunakili:

"Nimepasuliwa titi kwa saratani. Ninavaa titi bandia la kitambaa na mtama. Nipo tayari kukaguliwa. Naomba nikaguliwe na mwanamke, ndani ya chumba cha faragha. Tafadhali usinivue hapa."

Mpigaji eksirei mstaafu,
Chumbageni, Tanga